Barua ya mama haikuwa kura

Kila ukifika mwezi wa nane kuna story inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na 2025 ilirudi kwa nguvu kwa sababu ya mambo yaliyotokea Marekani. Ni story ya Harry Burn, kijana wa miaka 24, mbunge kwenye bunge la jimbo la Tennessee, aliyeingia ukumbini tarehe 18 Agosti 1920 akiwa amekaa na wanaopinga wanawake kupiga kura, mfukoni ana barua ya mama yake, jina lake likaitwa akasema ndio, na historia ikageuka hapo hapo. Binamu yangu aliitupia kwenye grupu la familia, zikafuata mioyo na "mama ni mama" za kutosha. Naelewa kwa nini inagusa, hata mimi iliwahi kunigusa hivyo hivyo. Ila naona tunaisoma kinyume, na kuisoma kinyume kwa sasa kuna gharama. Story ya Burn sio ya nguvu ya mama nyumbani. Ni ya mwanamke msomi, mwenye shamba lake, anayefuatilia magazeti kila siku, ambaye njia pekee aliyoachiwa ya kusema jambo kubwa kuliko yote ya nchi yake ilikuwa kumwandikia mtoto aliyemzaa na kuomba Mungu barua iwahi kufika.

Kilichoirudisha ni hiki. Agosti 2025 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Pete Hegseth, alirusha kwenye ukurasa wake ripoti ya CNN kuhusu kanisa la mchungaji Doug Wilson wa mji wa Moscow, Idaho, na humo ndani alikuwepo mchungaji anayekubali waziwazi kwamba Marekebisho ya 19 ya Katiba, yale yanayozuia mtu kunyimwa kura kwa sababu ya jinsia, yafutwe. Mwingine akaeleza kwa upole tu, kwamba kwenye jamii anayoitamani yeye kaya ndio ingepiga kura, na kwa kawaida yeye baba ndiye angeipiga baada ya kujadiliana na watu wa nyumbani kwake. Kelele zikawa kubwa, msemaji wa wizara akatoka kusema waziri anaamini wanawake wana haki ya kupiga kura, na watu wengi waliochukizwa na ile video wakaanza kujibu kwa kusimulia Harry Burn na mama yake. Hapo ndipo niliposema ngoja kwanza. Hii story tunayoirusha kama jibu, ukiitazama vizuri, ndio picha yenyewe ya kile mchungaji anachokiomba: mwanaume mmoja anapiga kura, mwanamke wa nyumbani kwake amemshauri, mambo yanaisha salama. Tunadhani tunampinga kumbe tunampa ushahidi.

Tuanze na Burn mwenyewe, maana anasimuliwa kama malaika aliyeshuka siku moja akapotea. Alizaliwa 1895 Niota, kaunti ya McMinn, Tennessee Mashariki, mji wa stesheni ya treni ambao mpaka leo watu wake hawafiki elfu moja. Baba yake ndiye aliyekuwa mkuu wa stesheni hiyo, akafariki 1916, na Harry mwenyewe alifanya kazi reli. Mwaka 1918 akachaguliwa bungeni kwa tiketi ya Republican, akiwa mdogo kuliko wote mle ndani. Hapa lazima mtu aelewe bunge la jimbo kule ni kitu gani, kwa sababu sisi tukisikia mbunge tunamuona mtu wa msafara. Marekani kila jimbo lina bunge lake, na wabunge wake wengi ni watu wa kawaida kabisa, mwanasheria wa mjini, mkulima, mwenye duka, anaenda makao makuu kikao kikianza na kikiisha anarudi kwenye shughuli zake na kukutana na wale wale waliomchagua, kanisani, stesheni, kwa kinyozi. Kura yake moja wanaijua na watamuuliza. Mtu wa namna hii hana pa kujificha, na hiyo ndio nguvu na udhaifu wake kwa wakati mmoja.

Sasa kwa nini taifa zima lilimwangukia mtu wa Niota? Kwa sababu Katiba ya Marekani haibadilishwi na Congress, yani bunge la taifa, peke yake. Congress ilipitisha Marekebisho ya 19 tarehe 4 Juni 1919, lakini yalihitaji kuridhiwa na mabunge ya majimbo 36 kati ya 48 ya wakati huo, na ilipofika majira ya joto ya 1920 majimbo 35 yalikuwa yameshakubali, yakakwama hapo. Gavana Albert Roberts wa Tennessee akaitisha kikao maalumu kuanzia tarehe 9 Agosti. Nashville ikajaa. Carrie Chapman Catt, kiongozi wa wanawake waliokuwa wanadai kura, alikuwa ameshaweka kambi hoteli ya Hermitage, wapinzani nao wapo hoteli hiyo hiyo, waridi la njano kwenye koti ni upande wa kura, waridi jekundu ni upande wa kukataa. Seneti ya jimbo ikapitisha tarehe 13 kwa kura 25 dhidi ya 4. Kwenye seneti hiyo Herschel Candler, seneta wa eneo la kina Burn, alitoa hotuba kali ya kuwashambulia wanawake hao. Kumbuka hiyo hotuba, itarudi.

Tarehe 18 Burn akaingia na waridi jekundu. Spika Seth Walker, mpinzani, akatoa hoja jambo lote liwekwe kando, yani life bila mtu kulazimika kulisemea. Burn akaunga mkono kuliweka kando. Matokeo 48 kwa 48. Wakarudia, 48 kwa 48 tena, kwa sababu mtu mmoja anaitwa Banks Turner wa kaunti ya Gibson aligoma kwenda na Spika. Walker akaona basi tupige kura yenyewe, akijua sare nayo ni ushindi kwake maana hoja isiyopata wingi inaanguka. Jina la Burn linaanza na B, kwa hiyo aliitwa mapema, hakuitwa mwisho kama wanavyosimulia. Akasema ndio haraka haraka, wengine ukumbini ikawachukua muda kushtuka kwamba yule wa waridi jekundu amevuka. Turner nae akabaki upande wa ndio, na jumla ikawa 49 kwa 47, alafu Walker akageuza kura yake ikawa 50 kwa 46, sio kwamba ameokoka, ni mbinu ya kikanuni ili apate haki ya kuomba jambo lirudiwe. Haikumsaidia. Kundi la wabunge wapinzani likakimbilia Decatur, Alabama, kuvunja akidi, haikusaidia pia, na tarehe 26 Agosti Waziri wa Mambo ya Nje Bainbridge Colby akasaini. Ile ya Burn kuruka dirishani na kujificha darini wanaofuatilia rekodi wanaitilia shaka, mimi naiacha huko.

Ona Turner lakini. Bila Turner hakuna sare, bila sare Burn angebaki na waridi lake jekundu na hoja ingekuwa imezikwa kabla hata jina lake halijaitwa kwa kura yenyewe. Turner hana grupu la WhatsApp linalomkumbuka kwa sababu hana barua ya mama.

Na barua yenyewe ilikuwa na nini? Ilikuwa na kurasa 7, nyingi ni habari za nyumbani za kawaida, hali ya hewa, ndugu, mambo ya pale Niota. Katikati ya hizo habari Febb Burn anamwambia mwanae apige kura ya kuwapa wanawake haki, asiwaache watu wakiwa na wasiwasi, kwamba ameiona ile hotuba ya Candler na ilikuwa chungu sana, na kwamba amekuwa akitazama magazeti aone yeye Harry amesimama wapi na hajaona kitu. Soma tena hilo la mwisho. Mama anatafuta gazetini kujua msimamo wa mtoto wake, kama mpiga kura yeyote anavyomtafuta mbunge wake. Amesoma hotuba, ameipima, amefikia uamuzi. Hilo sio penzi la mama tu, hiyo ni siasa, ya mtu anayejua anachokisema. Harry mwenyewe alikuja kueleza miaka ya baadae kwamba mama yake alikuwa mwanamke aliyesoma chuo, anafuatilia mambo ya ndani na ya nje ya nchi, na hakuwa na kura, wakati wapangaji waliolima kwenye shamba lao, wengine hata kusoma hawajui, walikuwa nayo.

Tena angalia alichokiandika Burn kesho yake, maana wapinzani walimtuhumu kahongwa na yeye akasimama kujitetea, maneno yake yakaingia kwenye kumbukumbu rasmi za bunge. Alitoa sababu 5. Ya kwanza anaamini kura kwa wote ni haki. Ya pili bunge lile lilikuwa na mamlaka ya kisheria na kimaadili ya kuridhia. Ya tatu ndio mama, kwamba ushauri wa mama ni salama kwa mtoto wake kuufuata na mama yake alitaka aridhie. Ya nne nafasi ya kuwaweka huru wanawake milioni 17 kutoka utumwa wa kisiasa haimpati binadamu mara nyingi. Ya tano alitaka chama chake kiweze kusema ni Republican wa milima ya mashariki ya Tennessee ndiye aliyefanikisha jambo hili. Sisi tumechukua namba 3 tukaitupa 1, 2, 4 na 5, tukampunguza mwanasiasa aliyepima haki, sheria, dhamiri na maslahi ya chama chake mpaka akabaki mtoto mtiifu. Wanasiasa wa miji midogo wanafanyiwa hivi mara nyingi, wanaonekana wanasukumwa tu na hisia kana kwamba kufikiri ni kwa wakubwa.

Nisiwe mchoyo kwa upande wa pili, hoja ya kura ya kaya ina toleo lake lenye uzito. Wanasema jamii imejengwa kwa familia sio kwa mtu mmoja mmoja, kwamba siasa zikiingia chumbani mume na mke wanageuka vyama viwili, na kwamba mtu anayebeba dhamana ya nyumba nzima atapiga kura kwa uangalifu kuliko anayejifikiria peke yake. Anayeishi kwenye jamii zetu hawezi kujifanya haelewi thamani ya familia kukaa chini na kukubaliana. Mimi nakubali familia ikae ijadiliane usiku kucha. Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwamba kwa sababu mmejadiliana basi mkono mmoja tu uende kwenye sanduku. Mjadala ambao mmoja tu ana kura mwishoni sio mjadala, ni kuomba. Mwenye kura akichoka kusikiliza anainuka anaondoka, na hakuna sheria inayomrudisha mezani.

Hoja yao dhaifu kuliko zote ndio inayopendwa kuliko zote, ile ya kwamba mwanamke hahitaji kura kwa sababu anamlea anayepiga. Wapinzani wa 1920 waliisema kwa maneno karibu yale yale, kwamba nguvu ya mwanamke iko kwa mume na watoto, kura itamchafua. Febb Burn anaibomoa kwa maisha yake. Alikuwa mjane. Kwenye mpango wa kura ya kaya, nyumba ile ingewakilishwa na nani? Mtoto wake mkubwa wa kiume, yule yule Harry. Na Harry pamoja na kulelewa na mama huyo, pamoja na kumheshimu, asubuhi ile alivaa waridi jekundu na mara 2 akaunga mkono hoja iwekwe kando. Malezi yote yale hayakutosha, ilibidi posta ifanye kazi. Karatasi ile ingechelewa siku moja Niota, mama angekuwa na msimamo, hoja na akili zake zote, na zisingehesabika popote. Haki gani hiyo inayotegemea treni ifike saa ngapi.

Alafu kuna Josephine Pearson, ambaye wasimuliaji wa mtandaoni hawamtaji kwa sababu anaharibu utamu. Huyu alikuwa kiongozi wa wanawake wa Tennessee waliopinga kura, na alikuwa amemuahidi mama yake mzazi kwamba jambo hili likifika Tennessee atasimama kulipinga. Mama akafariki, Pearson akatimiza ahadi, akahamia Hermitage kupambana. Na yeye pia alimsikiliza mama. Mama 2, ushauri 2 unaopingana, watoto 2 watiifu. Kama kigezo ni sauti ya mama basi tumshangilie na Pearson, na hakuna anayetaka kufanya hivyo. Kinachowatofautisha ni kwamba mmoja wa wale akina mama alitaka kila mama awe na neno lake na mwingine hakutaka. Hilo ni jambo la hoja, linapimwa kwa hoja.

Kuna tukio dogo baada ya kura ambalo kwangu ndio lenye picha kamili ya Febb. Wapinzani waliposhindwa Nashville walimfuata yeye Niota. Mke wa aliyekuwa gavana wa Louisiana akafika mpaka nyumbani kwake, kumtaka aseme ile barua sio yake au hakumaanisha. Mjane yule, kwenye kijiji cha reli, mgeni mkubwa yuko mlangoni, na mtoto wake yuko mbali anatuhumiwa rushwa. Akakataa, kisha akatuma telegramu kwamba anasimama na haki ya kura na anamtaka mwanae asimame nayo mpaka mwisho. Mtu mwenye msimamo huo anahitaji wa kumwakilisha kwenye sanduku la kura?

Najua jibu la wale wanaosema tunajitisha bure. Kufuta Marekebisho ya 19 kunahitaji theluthi mbili za mabunge yote mawili ya Congress na majimbo 38 kati ya 50, haitokei kesho wala keshokutwa. Ni kweli na nakubali. Ila hoja hiyo inachukulia haki ikishaandikwa imekaa, wakati historia ya marekebisho haya haya inasema vingine. Wanawake weusi wa Kusini, Tennessee ikiwemo, waliyapata kwenye karatasi 1920, wengi wao wakazuiwa kwa kodi ya kura, mitihani na vitisho mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965. Hakuna aliyefuta neno hata moja la Katiba. Walizuiwa na kanuni za majimbo, zilizoandikwa na wabunge wa majimbo ambao nje ya kaunti zao hakuna anayewajua.

Na huko ndiko pa kutazama, kuliko kwenye video ya wachungaji. Chukua New Hampshire. Baraza lake la wawakilishi lina wabunge 400 kwa jimbo lenye watu kama milioni 1.4, na mshahara ni dola 200 kwa muhula wa miaka 2, kiwango kilichowekwa tangu 1889, hakijapanda. Ni Niota mtupu, wastaafu, wenye biashara ndogo, majirani wa watu. Mwaka 2024 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kumtaka anayejiandikisha kupiga kura aonyeshe nyaraka za kuthibitisha uraia, na kwenye chaguzi za miji za Machi 2025 wapo wanawake waliofika na cheti cha kuzaliwa chenye jina la ubini wakarudishwa kufuata cheti cha ndoa, kwa sababu jina la sasa ni la mume. Wanaoitetea sheria wanasema lengo ni kuzuia wasio raia na kwamba ni nyaraka tu, mtu ajiandae. Sawa, uraia una haki ya kulindwa. Lakini angalia ni nani anayebeba mzigo wa karatasi ya pili: aliyebadilisha jina alipoolewa. Hapo hakuna aliyetamka kura ya kaya, hakuna aliyegusa Marekebisho ya 19, na bado mlangoni mwanamke anaulizwa wewe ni wa nani. Muswada kama huo unapitia chumba cha kamati, wanakaa watu kumi na kitu, na ukumbi wa wasikilizaji unaweza kuwa mtupu. Ndio maana nasema kumkuza Burn kuwa muujiza kunatudhuru, kwa sababu muujiza hausubiriwi kwenye kikao cha kamati Jumanne asubuhi, wakati kura kama yake zinapigwa huko kila wiki, nyingi bila barua yoyote mfukoni.

Burn mwenyewe alirudi kwenye maisha ya mtu wa pale. Akawa mwanasheria, 1930 akagombea ugavana akakosa, baadae akaingia seneti ya jimbo, akawa rais wa benki mji wa Rockwood, akakaa kwenye mikutano ya kurekebisha katiba ya Tennessee, akafariki 1977. Knoxville walimjengea sanamu yeye na mama yake 2018. Lakini kabla ya yote hayo alikuwa na mtihani wa haraka zaidi, maana miezi isiyozidi 3 baada ya kura ile kulikuwa na uchaguzi. Mwaka 1919 Tennessee ilikuwa imewapa wanawake kura ya rais na ya manispaa peke yake, kwa hiyo bila Agosti ile Febb asingekuwa na neno kisheria juu ya kiti cha mwanae. Novemba 1920 Burn alisimama tena mbele ya watu wa McMinn, wengi wakiwa bado na hasira nae, akapita kwa tofauti ndogo. Safari hii mama yake hakuhitaji kuandika barua. Sheria ilimruhusu kwenda kituoni kama mtu mwingine yeyote wa kaunti ile, kumpa au kumnyima.